Tarakimu ya Binti Lyamba

Ulimwona. Usijifanye ulikuwa unaangalia simu. Siku ile Monika binti Lyamba alipopanda ngazi za ofisi ya Ushirika wa nyuki pale Nsemulwa, kabeba kifuniko cha mzinga kichwani kama mtu anayepeleka mlango kwa fundi, wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi la barazani unasubiri ndoo zako za asali zipimwe. Uliiona ile karatasi nyekundu iliyobandikwa kwenye kifuniko. Uliisoma. Kisha ukageuza shingo ukamuuliza jirani yako habari za mpira, na huyo jirani, ambaye hata timu yake haijui vizuri, akakujibu kwa kirefu mpaka mwanamke akapita.

Haya. Hukutaka kujua, basi utaambiwa.

Kile kifuniko kilitoka Ugalla, kwenye kambi alikokuwa akirina asali mzee Lyamba tangu Monika hajaota meno. Maua ya miyombo yalikuwa yamekwisha, asali imeiva. Monika akafunga nyumba yake Misunkumilo, akapakia bomba la moshi na nguo za kurinia kwenye bodaboda, akaingia msituni. Chini ya mti wa kwanza akaona kitu chekundu juu. Akadhani ni kitambaa kimepeperushwa na upepo. Akasogea. Ilikuwa karatasi ngumu ya plastiki, herufi kubwa: MWENYE MZINGA AMEFARIKI. HAKUNA MRITHI. USIGUSE.

Mti wa pili, hivyohivyo. Mti wa tatu, hivyohivyo.

Alicheka kwanza. Akasema kwa sauti, peke yake, "Basi leo nimekuja kujirithi mwenyewe." Lakini mlinzi wa kambi alipotokea kwenye vichaka na kusimama mbali kidogo naye, kama watu wanavyosimama mbali na mgonjwa, kicheko kikamkauka.

"Dada, usipande," mlinzi akasema. "Nimeambiwa yeyote atakayegusa mizinga ya marehemu nimwandike."

"Marehemu nani?"

"Wewe... yaani, mwenye mizinga."

"Mwenye mizinga si huyu unayeongea naye? Uzima wangu haukutoshi? Ugali wa nani umekula hapa mwaka mzima?"

"Dada, mimi natumwa tu. Jumamosi lori linakuja kushusha yote. Nafasi zinapewa wanachama wapya."

"Mnashusha na nyuki wakiwa ndani?"

"Mimi natumwa tu."

Kila anayerina anajua maana ya kushusha mzinga wenye nyuki kwa mikono ya vibarua wa mjini. Masega yanaporomoka, majana, wale watoto wa nyuki, yanakufa, na nyuki waliobaki wanaondoka zao, hawarudi tena kwenye mti ule. Baba yake Monika alichukua miaka kuzoesha nyuki kwenye ule ukanda. Hicho ndicho kitu kilichokuwa kinaning'inia pale juu. Siyo mbao.

Monika hakumpiga mlinzi, ingawa mkono ulitaka. Alipanda mti palepale mbele ya macho yake, akang'oa kifuniko cha mzinga mmoja uliokuwa mtupu, akashuka nacho. "Niandike," akasema. "Andika maiti imeiba kifuniko."

Sasa sikiliza kuhusu zile namba, maana ndipo uchafu ulipo.

Zamani, kabla ya Ushirika, mzinga ulijulikana kwa alama iliyokatwa kwenye gome: huyu mkato, huyu duara, yule unyayo wa kanga. Mtoto akirithi mizinga ya baba yake hafuti alama. Anaiacha, anaweka yake ndogo pembeni, msitu ujue nani alitangulia na nani amefuata. Ushirika ulipokuja na mambo ya namba, watu wa Ugalla hawakubishana. Walikwenda kwa mhunzi wakafuliwa vyuma vya namba, wakawa wanavipasha moto na kuchoma chapa kwenye ubao. Na baba akifa, mtoto hafui chuma kipya. Anapasha kilekile cha baba, anakigandamiza, halafu anachukua chuma kidogo chenye tarakimu moja, ile ya kuzaliwa kwake, anaichoma mwishoni. Lyamba alikuwa 40718. Monika ni mtoto wa pili. Wa kwanza, kaka yake, yuko zake barabarani na lori, na nyuki anawaogopa kuliko trafiki. Kwa hiyo Monika ni 407182. Ndivyo alivyoandikishwa ofisini, ndivyo kadi yake inavyosema, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu warithi wote wa Ugalla wameandikishwa hivyo.

Wewe namba yako ni fupi, najua. Nyie wa karibu na mjini mliandikishwa mwanzo, mkapata namba za tarakimu mbili, tatu. Ndiyo maana uliweza kukaa kwenye benchi ukaongea mpira.

Ndani ya ofisi, kwenye meza ya kompyuta, alikuwepo Dieudonne. Kijana wa Katumba, mpole, shati limenyooka, anajibu watu kwa sauti ya chini. Alipoona kifuniko kinaingia mlangoni akasimama.

"Shikamoo dada Monika."

"Marahaba. Niambie mdogo wangu, humu ndani maiti inaruhusiwa kukaa?" Akakaa kabla hajajibiwa, akaweka kifuniko juu ya meza, karatasi nyekundu ikatazama juu.

Dieudonne aliisoma. Akabonyeza vitufe, akageuza kioo cha kompyuta. Pale palikuwa na mstari mmoja: 40718, LYAMBA, MAREHEMU, HAKUNA MRITHI.

"Huyo ni baba," Monika akasema. "Mimi ni 407182. Mbili yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Sijaiona."

"Ipo ndani, dada." Akatazama mlango wa meneja, ulikuwa umefungwa. Akafungua ukurasa mwingine. "Hii ndiyo databesi yenyewe, wanachama wote. Ona. Monika Lyamba, Misunkumilo, 407182, hai."

Monika akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Ni jambo la ajabu kusoma neno hilo mbele ya jina lako na kujikuta unashukuru. Alijichukia kwa kushukuru.

"Sasa huyu hai anafia wapi?"

"Anafia mlangoni, akitoka. Humu ndani uko mzima. Ila ili kupata orodha ya mizinga na wenyewe, naipa kompyuta amri ivute namba za mizinga izilinganishe na namba za watu. Kwenye hiyo amri kuna kitu kinaitwa LPAD. Kazi yake kujaza. Kuna mtu namba yake 12, mwingine 963, mwingine ndefu. Hizi namba zimehifadhiwa kama maneno, na kompyuta ikipanga maneno, kumi inatangulia tisa, vurugu tupu. Basi unaiambia: kila namba iwe na urefu wa tano, ikipungua, jaza sifuri kwa mbele. 963 inatoka 00963. Zote zinalingana kama askari wa gwaride."

"Sawa. Na ikizidi tano?"

Dieudonne akawa anakuna ukucha wa kidole gumba.

"Dieudonne. Ikizidi?"

"Hapo ndipo penyewe. Ikizidi haikwambii. Haigomi, haiandiki kosa, haipigi kelele. Inachukua tano za mbele, inayobaki inaitupa."

"Tano za mbele ni za baba."

"Tano za mbele ni za baba," Dieudonne akakubali. "Kwa hiyo mizinga yako inakwenda kumtafuta mwenyewe, inamkuta yeye, na yeye kafariki. Basi imekuwa ya marehemu. Siyo wewe tu. Ni kila aliyerithi kule Ugalla."

Monika aliangalia ile amri kwenye kioo, kijistari kifupi, hakizidi urefu wa kidole chake, na akaelewa kitu ambacho wewe na elimu yako hukutaka kukielewa.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "aliyepungukiwa anaongezewa, asiye na kitu anapambwa sifuri mbele anaonekana mtu mzima. Na sisi tulioongeza ya kwetu juu ya ile ya baba, tunakatwa. Na ni amri hiyohiyo moja."

"Hiyohiyo."

"Kuirekebisha kunataka nini? Mtaalamu kutoka Dar?"

"Kufuta tano na kuandika saba."

"Basi?"

"Basi. Ni kidole kimoja, dada."

"Weka kumi. Na wajukuu watazaliwa." Kisha akili ikamrudi. "Ngoja kwanza. Wewe hili umelijua lini?"

Dieudonne akainamisha uso. "Aliyetengeneza mfumo aliuliza namba ndefu kuliko zote ina tarakimu ngapi. Meneja akamwambia tano, na wakati ule ilikuwa kweli. Wazee walikuwa bado hai. Baadaye warithi wakaanza kuja. Mimi niliona masika yaliyopita. Nikamwambia meneja."

"Akasemaje?"

"Akasema nisiguse."

"Na wewe hukugusa."

"Dada, mimi babu yangu aliingia nchi hii kwa miguu, na baba yangu amesubiri karatasi ya uraia mpaka mvi zikamjaa. Nikinyanyua sauti humu ndani, kabla sijamaliza sentensi wataniuliza kwetu wapi."

"Kwenu Katumba. Na kwangu ni Ugalla, na leo nimeambiwa sina. Unadhani woga wako umekulinda wewe? Umemlinda Evarist, huyo meneja wako." Akanyanyua kifuniko chake. "Sikuonei huruma, mdogo wangu. Sina nafasi ya huruma leo."

Akaenda kuufungua ule mlango bila kubisha hodi.

Evarist, meneja, ni mtu wa sauti ya asali, na hiyo siyo sifa. Alisimama, akatoa kiti, akauliza watoto hawajambo.

"Karibu mama, karibu ukae."

"Nimekaa sana, meneja. Kwa mujibu wenu nimelala kabisa."

"Ah, mama! Hilo ni suala la mfumo. Mfumo hauna chuki na mtu."

"Najua. Mfumo hauna chuki na mfumo hauna shemeji. Shemeji unaye wewe, na nimesikia ndiye wa kwanza kwenye hao wanachama wapya wa Ugalla."

Tabasamu la Evarist halikuondoka, lakini lilibaki peke yake usoni, macho yakawa yameenda kwingine. "Tuzungumze kiofisi. Unasema wewe ni mrithi. Una uthibitisho kwamba Lyamba alifariki na kukuachia?"

Hapa ndipo Monika alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wote wanaoamini ofisi. Kwenye mkoba wake alikuwa nacho cheti cha kifo cha baba yake, kile alichopeleka siku anaandikishwa. Akakitoa kwa haraka ya mtu anayeshinda kesi, akakiweka mezani. Evarist akakisoma chote kwa upole. Akamwita mhudumu akitoe kopi. Akapiga muhuri kwenye kopi, akaichomeka kwenye faili, akarudisha cheti kwa mikono miwili.

"Pole sana kwa msiba. Na asante. Hiki ndicho kilikuwa kinakosekana kwenye faili la marehemu. Sasa limekamilika."

Monika alisimama pale na karatasi mkononi. Alikuwa amewaletea mwenyewe, kwa miguu yake, ushahidi kwamba mwenye mizinga amekufa. Umewahi kudhulumiwa kwa adabu? Ni heri utukanwe.

Alipotokea barazani bado ulikuwepo. Ulisema "pole" kwa kinywa kilichofumba nusu. Hukuuliza pole ya nini.

Jioni ile alikwenda kwa Selestine, baba yake mdogo, mdogo wake Lyamba wa tumbo moja. Wao ndugu waliachana makazi mapema: Lyamba akabaki Ugalla, Selestine akahamia mjini, akaandikishwa miongoni mwa wa mwanzo. Namba yake ni 963. Alimkuta anakula; mzee akamsogezea bakuli la maji anawe.

"Baba mdogo, sikuja kula. Nataka kwenye mkutano mkuu wa Alhamisi usimame useme mimi ni mtoto wa nani."

"Mwanangu, mbona linajulikana?"

"Linajulikana hapa kwako. Kule kwenye lori halijulikani."

Selestine akabonyeza tonge, akalitazama. "Ukisimama sana kwenye mikutano watu wanakuona mkorofi. Mimi namba yangu haina shida. Kwanza wameiweka vizuri siku hizi, ina sifuri mbili mbele, inapendeza."

"Hizo sifuri zimetoka kwenye panga lilelile lililonikata mimi."

"Ndiyo maneno ya kaka yangu hayo! Domo hilo ndilo lilimfanya akakaa porini mpaka akafa."

"Alikaa porini wewe ukala asali yake. Ulikuwa unaletewa ndoo kila msimu, mkeo anaificha chini ya kitanda wageni wasiione."

Yule mzee alicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli, kisha akaendelea kula. Monika akatoka. Na tusijifanye tunamshangaa Selestine. Viongozi wa Ushirika walipochoma mizinga ya magome wakisema imepitwa na wakati, nani alisimama? Mlisema ni ya watu wa mbali. Mizani ilipobadilishwa na ndoo zikaanza kuwa nyepesi kuliko zilivyotoka nyumbani, mlisema labda ni joto. Walipofuta kura ya kunyoosha mkono, mlisema afadhali, mikono ilikuwa inachoka. Kila mara walianza na yule wa mwisho barabarani, na kila mara ninyi mlipima umbali kutoka kwake hadi kwenu, mkaona ni mkubwa, mkalala.

Alhamisi ukawa mkutano mkuu. Ulikuwepo, safu ya nyuma, karibu na kreti za soda. Ukutani projekta ilikuwa inaonyesha orodha ya mizinga ya marehemu wa Ugalla, na Evarist anasoma kwa huzuni iliyopigwa pasi. Alipofika kwa Lyamba, Monika akasimama na kifuniko chake.

"Mwenyekiti, nina swali moja kwa karani."

"Karani siyo msemaji," Evarist akasema.

"Simtaki aseme. Nataka aandike. Aandike namba, tuone inatokaje."

Ukumbi ukanong'ona. Dieudonne alikuwa amekaa kwenye kompyuta pembeni, jasho linamtoka kama aliyebeba gunia. Alimtazama Evarist, akamtazama Monika. Halafu, na hili lisemwe kwa heshima hata kama lilichelewa, akavuta kibodi karibu.

"Andika ya baba mdogo," Monika akasema. "963."

Ukutani ikatokea: 00963.

Watu wakacheka. "Mzee Selestine, umepewa sifuri za bure!" mmoja akapaza sauti, na Selestine akapunga mkono kama bwana harusi.

"Sasa andika yangu. Mbili yangu ikiwemo. Taratibu, wote waone."

Dieudonne akaandika 4, 0, 7, 1, 8, 2. Kila mtu alizisoma zote zikiingia. Akabonyeza.

40718.

Kicheko kilikatika kama redio iliyoisha betri. Uliona. Usiniambie hukuona, ukuta mzima ulikuwa mweupe. Mwanamke aliingia na tarakimu sita akatoka na tano, na zile tano ni za mtu aliyezikwa.

"Hiyo ndiyo LPAD," Dieudonne akasema, kwa sauti ya chini lakini inayosikika. "Imewekwa tano. Ikibadilishwa, wote hawa kwenye orodha wanakuwa hai. Nimeshaandika mpya. Ipo tayari humu. Inasubiri mkutano useme ndiyo."

Evarist hakupandisha sauti. Hajawahi kuhitaji. "Kijana wa Katumba," akasema, "juzi tu mmepewa uraia, leo unatufundisha nani mwenye msitu huu?"

Na ukumbi ukacheka tena. Kilikuwa kicheko cha nafuu, cha watu waliopata mlango wa kutokea. Wewe ulicheka. Labda siyo kwa sauti. Mabega yako yalicheka.

"Baba mdogo!" Monika akapaza sauti juu ya kile kicheko. "Wewe 963. Mwanao akikurithi ataongeza tarakimu, mjukuu ataongeza, kitukuu ataongeza. Huyo wa mwisho atakatwa kama mimi, atakuta karatasi nyekundu juu ya mzinga wako. Utakuwa umelala, hutasikia. Kwa hiyo simama sasa hivi wakati una miguu!"

Selestine aliangalia viatu vyake. Kwa muda mfupi ilionekana kama atasimama. Mkono ulishika mgongo wa kiti cha mbele. Ndipo Evarist akainama, akachomoa waya wa projekta kwenye soketi. Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

"Wanachama," akasema, "chakula tayari. Tusiwaweke kina mama jikoni wakisubiri."

Mkono wa Selestine ukaachia kiti. Viti vikakwaruza sakafu. Watu wakapanga foleni, na kwenye ile foleni walikuwemo warithi wa Ugalla wenyewe, wenye karatasi nyekundu kwenye mizinga yao, wameshika sahani. Wewe ulichagua soda ya chungwa. Ulihangaika mpaka ukapata kifungulio. Nyuma yako mwanamke alikuwa bado amesimama peke yake katikati ya viti vitupu na kifuniko cha mzinga mikononi, na kijana mmoja anakusanya vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa asirudi tena kazini.

Mlangoni Dieudonne akamwambia, "Dada, nisamehe. Nimechelewa."

"Umechelewa," Monika akasema. "Lakini umekuja. Hao wamekaa mbele kabisa na hawajafika." Akampa upande mmoja wa kifuniko, wakabeba wawili.

Leo ni Ijumaa. Mchana Monika aliwasha jiko la mkaa uani kwake Misunkumilo, akalaza juu yake chuma cha baba yake mpaka kikawa chekundu kuliko ile karatasi yao. Dieudonne alishikilia kifuniko. Monika hakuibandua karatasi. Alichoma juu yake, plastiki ikajikunja na kunuka, ubao ukatoa moshi: 40718. Kisha akatoa kile kichuma kidogo, akasubiri kiive, akakigandamiza mwishoni kwa nguvu zote za bega, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mbili. Ilizama kwenye mbao mpaka kidole kinaingia.

"Hiyo ikatwe na amri gani?" akauliza. Dieudonne alikuwa anakohoa moshi.

Sasa hivi, unaposoma hapa, Monika amekaa mbele ya geti la uwanja wa Ushirika, Nsemulwa, mgongo umeegemea kile kifuniko. Ndani ya geti lori limeshajazwa mafuta, ngazi na kamba ziko juu. Dieudonne amekaa pembeni yake. Wako wawili. Dereva ameshawaambia kwamba kukipambazuka yeye anatoka, na kwamba yeye anatumwa tu. Lori likipita hapo, kufika jioni hakutakuwa na nyuki Ugalla wa kumpa mtu yeyote, awe hai au marehemu, na hakuna amri ya kompyuta inayorudisha nyuki kwenye mti.

Watu wawili, lori linaweza kuwazunguka. Ukumbi mzima wa Alhamisi, haliwezi.

Kwa hiyo toa kadi yako mfukoni. Soma namba yako mpaka mwisho, na ujue kila tarakimu ilitoka kwa nani. Mwenye ndefu ni maiti mwenzake, na maiti haina cha kuogopa. Wewe mwenye fupi una deni la sifuri ulizopambwa nazo. Mpitie mzee Selestine, yuko nyumbani, mkono wake ulishafika kwenye kiti, mvute. Pitia kwa yule jirani yako wa mpira. Usisubiri tangazo, usisubiri mwingine atangulie, usiniambie utakuja baada ya kula. Ulishakula Alhamisi.

Weka hii chini. Vaa viatu. Nenda kakae mbele ya lile geti, na usinyanyuke mpaka ile tano ifutwe.